Wakwe Wawili katika Chumba cha Kioo

Tangu siku ya posa, Sabina wa Buger na Nareyu wa Nainokanoka hawakuwa wamesemeshana zaidi ya salamu. Binti wa Sabina, Blandina, alikuwa anaolewa na Supeet, mtoto wa Nareyu. Vijana hao walikutana Dar es Salaam, Blandina akiwa nesi na Supeet mpima ardhi, wakapendana bila kumuuliza mtu. Ugumu ulikuja kwa mama zao.

Siku ile ya posa Sabina alichinja majogoo, akapika pilau, akaazima vikombe kwa majirani watatu. Nareyu alikaa kwenye kochi, shanga shingoni, mikono juu ya mapaja, na hakutia kitu mdomoni. Hata chai hakuigusa. Sabina aliitazama ikipoa mpaka ikafanya utando. Wageni walipoondoka alimwambia mumewe Yohani kwamba yule mama wa Kimasai alikuja kuwaonyesha kuwa chakula cha wakulima si hadhi yake. Kuanzia hapo, harusi ikitajwa, Sabina alisema itafungwa Buger, parokiani. Nareyu alisema itakuwa Nainokanoka, bomani kwake. Miezi ikapita.

Mwishowe vijana waliamua kuwaita wote wawili Dar, mbali na wazee na mashangazi, wakae wayamalize. Kwa kuwa chumba cha Blandina cha kupanga hakikuwa na nafasi hata ya kugeuza ndoo, waliwachukulia vyumba viwili kwenye hoteli ndogo ya Upanga iitwayo Zambarau. Hao wakwe walipanda basi moja Karatu, mmoja akakaa nyuma ya dereva, mwingine karibu na mlango wa nyuma. Basi likisimama watu wanyooshe miguu, walitikisiana vichwa na kuangalia pembeni.

Zambarau haikuwa hoteli ya mawaziri, wala haikuwa gesti. Ilikuwa nyumba ya zamani ya ghorofa tatu iliyokarabatiwa na mtu anayejua kuchezea rangi. Kuta zilikuwa za zambarau iliyoiva, taa zimening'inia ndani ya madema ya kuvulia samaki, na vitenge vimewekwa kwenye fremu kama picha za viongozi. Vyumba havikuwa na namba, vilikuwa na majina ya matunda. Mapokezi alikuwepo kijana mmoja aitwaye Modest, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri mno, aliyewapa juisi ya ukwaju na vitaulo vya baridi vilivyokunjwa. Nareyu alikipokea chake, akakipindua, akangoja aone Sabina atakifanyia nini. Sabina naye alikuwa anamngoja Nareyu.

Kisha Modest aliomba radhi. Kulikuwa na mkutano wa madaktari wa meno mjini na vyumba vilijaa, kikabaki kimoja tu. Lakini ni kikubwa, alisema, na ndicho kizuri kuliko vyote. Kinaitwa Stafeli.

Blandina aliwaangalia mama wawili, akakumbuka ghafla kwamba ana zamu hospitalini, akaondoka.

Stafeli kilikuwa na kitanda kimoja, kipana kama shamba la vitunguu. Katikati ya chumba, palipotakiwa kuwa na meza, palikuwa na sinki kubwa jeupe la kuogea, refu la kulala mtu, lenye miguu ya shaba. Choo kilikuwa na ukuta wa kweli, Mungu kasaidia. Lakini bafu la bomba la juu lilizungushiwa kioo kitupu, kisafi kiasi kwamba Sabina alikigonga kwa paji la uso.

Nareyu alizunguka lile sinki taratibu, bangili zikilia mkononi.

“Hili ni josho,” alisema.

Sabina, ambaye kwao kuna ng'ombe pia na anajua josho wanakozamishwa kuuliwa kupe, aling'ata mdomo asicheke. Alimuuliza Modest pazia liko wapi. Modest alijibu kwa fahari kwamba hakuna, ndiyo mtindo wenyewe, wageni wanaupenda. Kwa mara ya kwanza tangu posa wakwe hao waliangaliana usoni. Kwa Wairaqw, kabila la Sabina, na kwa Wamasai, mkwe ni mtu wa heshima. Hapo palikuwa na chumba kisicho na mahali pa kufichia heshima.

Jioni hiyo walinawa nyuso tu. Walilala na nguo zao, wananuka basi, kila mmoja kwenye ukingo wake wa kitanda, mito yote imepangwa katikati kama ukuta wa mawe.

Asubuhi joto la Dar lilikuwa limeshawapata. Vijana wangefika saa nne, na hakuna mama anayetaka kuzungumzia harusi akiwa ananuka. Sabina alijikohoza. Alisema yeye atatoka kibarazani, atafunga mlango, atatazama barabara. Nareyu, kwa kuwa ni mkubwa, aanze.

Kibarazani kulikuwa na kiti cha mviringo kilichofungwa kwa mnyororo kutoka darini, kama kiota. Sabina alijitumbukiza ndani. Kiti kikamzungusha, barabara ikapita, mwembe wa jirani ukapita, na kabla hajajua akawa anatazama chumbani kupitia kioo cha mlango. Akafumba macho. Alijisukuma kwa mguu, kikamzungusha tena, na akagundua kwamba tumbo linamtekenya kama alipokuwa mtoto akibembea kwenye tawi. Alijisukuma mara nyingine, na nyingine.

Alisikia maji yakifunguliwa. Akasikia ukimya. Kisha mngurumo, kama trekta linawashwa ndani ya nyumba. Halafu sauti ya Nareyu, tulivu kabisa.

“Mama Blandina. Hiki kitu kinakuja.”

Sabina aliuliza ni kitu gani.

“Povu,” alisema Nareyu. “Limenifika kidevuni.”

Alikuwa amemimina chupa nzima ya sabuni, kwa kuwa ilinukia vizuri, kisha akabonyeza kitufe cha shaba ili kuona kinafanya nini. Kikaanza kuyakoroga maji kwa nguvu za mashine, na povu likapanda, likavuka ukingo, likaanza safari ya kuelekea kitandani. Sabina alifungua mlango na, kwa kulinda heshima ya mkwe wake, akaingia kinyumenyume. Alipiga hatua, akapiga ya pili. Ya tatu ilikanyaga povu. Miguu ikaenda upande wa dirisha, mwili ukaenda upande wa pili, na akaketi kitako ndani ya sinki, na kitenge chake, na blauzi yake, na kilemba chake, akitazamana na mkwe wake, ambaye hakuna kilichoonekana kwake isipokuwa kichwa na shanga.

Mashine iliendelea kunguruma. Wakatazamana.

Aliyeanza ni Nareyu. Kilimtoka kicheko chembamba, cha msichana, ambacho Sabina hangedhani kinakaa ndani ya mama yule. Akajaribu kukizuia kwa kiganja chenye povu, na povu likamwingia puani, akapiga chafya, na chafya ikamtupia Sabina ndevu nyeupe. Basi ikawa imekwisha. Walicheka mpaka wakashika kingo za sinki. Walicheka mpaka hakuna sauti iliyotoka, mabega tu yakipanda na kushuka. Mmoja akinyamaza, mwingine alisema “josho,” wakaanza upya.

Walipopata pumzi, Sabina alitafuta kitufe, mashine ikazimika.

“Siku ile kwako sikula,” alisema Nareyu.

“Niliona.”

“Gari lilinitapisha kutoka kwetu juu, ukingoni mwa kreta, mpaka Karatu. Zile kona. Na kutoka Karatu mpaka kwako likanitapisha tena. Nilipofika nilikwenda nyuma ya ghala lako, nikamalizia. Nikajua nikimeza hata tone la chai, nitalirudisha mbele ya wazee wote, na Supeet ananitazama. Nikaona bora waseme nina maringo.”

Sabina aliyapanga mambo hayo kichwani.

“Nyuma ya ghala.”

“Kuku wako walikuja,” alisema Nareyu kwa unyenyekevu.

Hapo Sabina alizama. Alizama kweli, kwa kucheka, akaibuka kilemba kikiwa kimemwangukia machoni. Naye akakiri kwamba lile paja la jogoo alilomwekea mkwe alilila mwenyewe jikoni, amesimama, kwa hasira, na lilikuwa tamu.

Baada ya hapo yaliyobaki yalijitatua. Nareyu hakuwa na neno na kanisa wala na Buger. Alichokuwa anakikataa ni zile kona. Na Sabina alipoulizwa kwa nini hataki kusikia habari za Nainokanoka, alizunguka zunguka, halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba anaogopa tembo. Maisha yake yote ameishi karibu na hifadhi ambamo Nainokanoka imo, na hajawahi kuvuka geti. Nareyu alimtazama kwa huruma kubwa. Wakakubaliana palepale, maji yakianza kupoa: misa Buger, karamu Nainokanoka. Nareyu atashuka mapema na ndimu mkononi, apumzike kwa Sabina mpaka tumbo litulie. Kisha watapanda pamoja, Sabina akishika beseni, Nareyu akiangalia tembo.

Mlango ukagongwa. Kila mmoja alivaa gauni jeupe la taulo lililokuwa limetundikwa ukutani, na Sabina akafungua. Modest alisema kwa adabu kwamba kuna matone yanamwangukia daktari mmoja anayekunywa chai chini.

“Josho limefurika,” Sabina alimwambia, uso mkavu. Nyuma yake Nareyu aligeukia ukutani, mabega yanatetemeka.

Saa nne Supeet na Blandina walifika, wamevaa kama watu wanaokwenda kusuluhisha kesi. Supeet alikuwa amefanya mazoezi ya hotuba njia nzima. Modest aliwaambia mama zao wako juu ya paa, kwenye bwawa la kuogelea. Blandina aliuliza kama wako pamoja, na Modest akasema tangu asubuhi hajawaona wakiwa mbalimbali.

Waliwakuta wameketi ukingoni mwa bwawa, magauni ya taulo yamekunjwa magotini, miguu majini, sahani ya tikiti kati yao. Sabina alikuwa amevaa shanga za Nareyu. Nareyu alikuwa amevaa miwani ya jua aliyoazimwa na daktari yule yule wa matone. Supeet alisimama wima.

“Yeyo,” alianza kwa Kimasai, akimgeukia mama yake, “na wewe mama, sisi watoto wenu tumewaita hapa kwa unyenyekevu—”

“Misa Buger, karamu kwetu,” alisema Nareyu. “Kula tikiti.”

Supeet alipokea kipande cha tikiti, hotuba yote ikiwa bado ndani. Blandina alimuuliza mama yake walikubaliana vipi. Sabina alifikiri jinsi ya kueleza, akamtazama mkwe wake, na hilo likawa kosa, kwa sababu wakaanza tena, na ikabidi Blandina aiokoe sahani isiingie majini.

Vijana waliporudi kazini, wakwe waliingia bwawani wenyewe, na vitenge vyao, wameshikana mikono. Hakuna aliyejua kuogelea. Maji yaliwafika kifuani, na yalikuwa ya uvuguvugu, na kutoka huko juu waliona mabati na matangi na minazi ya Upanga mpaka mwisho wa macho. Sabina alisema angependa Yohani amwone. Kisha akasema hapana, afadhali asimwone.

Harusi ilifungwa mwezi wa tisa. Kwenye karamu ya Nainokanoka ukungu ulishuka mchana kweupe, baridi ikauma, na wanawake wa boma wakawaingiza wageni wa Buger katikati ya ngoma ili wapate joto. Yohani, amejikunyata ndani ya koti, alimwona mkewe akirukaruka pamoja nao, mabega yakienda mbele na nyuma, kiatu kimoja kimeshapotea. Alimuuliza ni nani aliyemfundisha. Pumzi ilikuwa imemwishia Sabina, na tayari walikuwa wanamvuta arudi.