Nyumba ya Kumi na Moja

Sanamu ya Mama Maria ya Jumuiya ya Mtakatifu Anna, pale Malangali, si nzito. Ni ya plasta, kimo chake hakifiki mkono wa mtu mzima, na pua imemeguka tangu mwaka ule watoto wa mwalimu Yonas walipoichezea. Evodia alikuwa ameibeba mara nyingi. Lakini asubuhi ile ya Jumatatu, alipoikumbatia juu ya tumbo lake la miezi saba, aliona kama amebebeshwa gunia la mahindi.

Kila Oktoba, mwezi wa rozari, sanamu hiyo huzunguka nyumba kwa nyumba. Inakaa siku moja, saa kumi alasiri akina mama wanakusanyika hapo kusali, na kesho yake asubuhi mama mwenye nyumba anaibeba mwenyewe kwa miguu hadi nyumba inayofuata. Haipandi bodaboda wala hatumwi mtoto. Inatoka mikononi mwa mama na kuingia mikononi mwa mama, na anayeikabidhi husema, "Pokea mgeni wako." Orodha ya nyumba aliipanga mwenyekiti wao, Bertila, mama wa makamo ambaye akisema jambo hujui kama anakuomba au anakuamuru. Nyumba ya kumi ilikuwa ya Evodia, na ya kumi na moja ya Bibi Kashinje.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Bibi Kashinje alikuja Ufipa na wanawe wenye ng'ombe, kutoka kwao Usukumani. Wanawe wakayafuata malisho mpaka Kaoze. Yeye magoti yakagoma, akabaki mjini katika nyumba ya chumba na sebule. Alibatizwa uzeeni, Pasaka ya mwaka juzi, na sare yake ya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, aliishona mwenyewe kwa sindano ya mkono. Macho yake yalikuwa mekundu. Miaka sitini ya kupulizia kuni mbichi itampa yeyote macho ya namna hiyo, lakini nani alikuwa na muda wa kufikiria kuni? Mwezi wa saba mtoto wa Rhoda, jirani yake, alipofariki kwa degedege, watu waliyakumbuka yale macho kwanza, wakasema ni ya mchawi.

Evodia naye alikuwa na lake. Mwaka jana, baada ya misa, bibi huyo alimkuta mlangoni pa kanisa, akamwekea kiganja tumboni na kusema, "Mungu akulindie." Siku ya sita mimba ikatoka, na ilikuwa ya pili kutoka. Daktari alimweleza sababu vizuri, hata akamchorea kwenye karatasi, na Evodia akaelewa yote. Kisha akarudi nyumbani, na kila alipofumba macho alikiona kile kiganja. Alimwambia mumewe tu, Felisian. Sasa tumbo lilikuwa limefika miezi saba kwa mara ya kwanza, na kila siku alihesabu mtoto amecheza mara ngapi, kwa hofu ya siku ambayo hesabu ingekuwa sifuri.

Alipofika kwenye ua wa bibi alimwona anafagia, amempa mgongo, anaimba kwa Kisukuma. Vumbi lilikuwa limenyunyiziwa maji. Evodia akasimama langoni, sanamu kifuani. Alitaka kusema hodi, akakikumbuka kile kiganja. Akageuka, akapita haraka hadi kwenye kona ya mashine ya kusaga ya Kornel, akatoa simu.

"Mama mwenyekiti, bibi hayupo. Nasikia ameenda Kaoze kwa wanawe."

"Kaoze? Hajaniaga," Bertila akasema. "Basi ipeleke kwa Rhoda, nyumba ya kumi na mbili. Bibi akirudi tutampelekea."

Ikawa rahisi hivyo. Evodia aliona aibu kidogo, halafu akaona nafuu kubwa, na mtoto akacheza.

Saa kumi walikusanyika kwa Rhoda. Hata rozari haijaanza, Rhoda mwenyewe, ambaye tangu amzike mwanawe hakuwa mtu wa kusema sana, akauliza, "Kaoze ameenda lini? Mbona leo asubuhi nimemwona anafagia?"

Wanawake ishirini na kitu wakamgeukia Evodia. Angeweza kusema aliogopa. Wengi wao wangemwelewa, maana nao walikuwa wakiogopa. Lakini aibu ya kushikwa na uongo ilimpanda kichwani, akashika lililokuwa karibu.

"Nilifika langoni," alisema. "Sanamu ikanielemea. Ikawa nzito, nikashindwa kuingia nayo."

Mmoja akapiga ishara ya msalaba. Mwingine akasema, "Yesu wangu." Bertila alimtazama Evodia kwa muda mrefu, lakini saa ilikuwa imefika, akaanzisha sala.

Maneno hayo hayakulala. Jumanne sokoni ilisemwa kwamba Mama Maria amekataa kuingia nyumba ya mchawi. Jumatano, Evodia alipopeleka mahindi kwa Kornel, alisimuliwa habari yake mwenyewe na mtu asiyemjua: eti sanamu iligeuza shingo, eti ilitoka jasho, eti mama aliyeibeba alianguka akatokwa povu. Alitaka kusema, mama huyo ni mimi, na sikuanguka. Akalipa, akajitwika unga wake, akaondoka.

Alhamisi jioni Felisian aliingiza pikipiki uani, akakaa bila kuvua koti.

"Jumamosi usitoke," alisema. "Vijana wamewaita kamchape."

Evodia alijua kamchape ni nini. Ni wale wanaozunguka na kioo na wembe wakidai wanaona mchawi alipo, na wakishamwonyesha kidole wanamchanja usoni, kisha wanawaachia watu wamalizie. Kijijini kwa mama yake walipita mwaka fulani. Nyumba waliyoionyesha, kesho yake lilibaki jivu, na mzee aliyekuwemo hawakumtoa.

"Wanaenda kwa nani?"

"Unaniuliza mimi?" Felisian akasema. "Si ninyi wenyewe mmeona? Walikuwa wanasitasita muda wote huo. Sasa hata Bikira amemkataa, wangoje nini tena?"

Evodia alishika ukingo wa meza. Mpaka siku ile alikuwa anaogopa kwa ajili ya mtoto wake peke yake. Sasa aliogopa kwa ajili ya bibi, na hofu hii ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hii aliitengeneza yeye kwa mdomo wake.

Ijumaa, katika nyumba ya kumi na sita, litania ilipokwisha alisimama. Akaishika sanamu pale mezani.

"Haikuwa nzito," alisema. "Niliogopa. Bibi alikuwepo, nilimwona. Nilipita."

Bertila aliiweka rozari yake mezani.

"Kwa hiyo kwenye simu ulinidanganya," Bertila akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na kwa Rhoda ukatudanganya sote, tukiwa na rozari mkononi."

"Ndiyo, mama."

Rhoda akainuka. "Msinichoshe. Mwanangu yuko kaburini," akasema, akachukua khanga yake na kutoka.

Bertila hakumzuia. Alikunjua orodha yake, akaisoma kama vile ndiyo kwanza anaiona. "Hapa pameandikwa nyumba ya kumi na moja. Twendeni."

"Mama mwenyekiti, kesho ni kamchape," mmoja akanong'ona.

"Ndiyo maana tunaenda leo."

Walikwenda tisa, sanamu mikononi mwa Evodia. Wengine walikumbuka watoto, wakakumbuka na vyungu vilivyokuwa motoni, na siwalaumu sana, kwa maana hata hao tisa walitembea wamebanana. Vijana waliokaa kwenye kona ya mashine waliwatazama bila kusalimia. Mlango wa bibi ulikuwa umefungwa, na jua bado linawaka.

"Hodi, bibi. Ni sisi wa jumuiya," Bertila akaita.

"Mko wangapi?" Sauti ilitoka chini, karibu na kitasa. "Mmekuja na wanaume?"

"Hakuna mwanamume, bibi. Ni sisi na Mama Maria."

Komeo likaondolewa. Sebuleni kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, na maua kwenye kopo la mafuta, yamenyauka. Mabenchi matatu ya kuazima yalikuwa yamepangwa. Sinia la karanga za kukaanga lilifunikwa vizuri, lakini sisimizi walikuwa wameshaligundua. Kila kitu kilikuwa kimeandaliwa tangu Jumatatu, na hakuna alichokiondoa.

"Jumatatu nilikuona, mjukuu wangu," bibi alimwambia Evodia. Hakusema kwa hasira. "Nilipogeuka ulishafika barabarani. Nikasema labda amesahau kitu, atarudi."

Evodia akanyoosha mikono amkabidhi sanamu. Bibi Kashinje akarudi nyuma hatua moja, akaficha mikono yake mgongoni.

"Iweke mezani," alisema. "Mimi na wewe tusigusane. Naona tumbo lako, na najua wanayosema."

Na Evodia, Mungu amsamehe, akashukuru. Akaiweka mezani bila kusema maneno yale ya mgeni, akaenda kukaa benchi la mwisho karibu na mlango. Walisali. Bertila akabaki na bibi, na kabla ya kuwaaga wengine akasema kila mmoja kesho aje na mkeka na ungo, kuna maharage ya kuchambua.

Felisian alimwambia asiende. Alimwambia kwa ukali, halafu kwa kubembeleza, halafu akatoka bila kuaga. Evodia alichukua mkeka wake akaenda.

Saa tatu asubuhi ngoma ilisikika kwa upande wa mashine. Wanawake tisa walikuwa wameketi uani, nyungo mapajani, wanachambua maharage ambayo walishayachambua mara mbili. Evodia alikuwa amekaa mbali, karibu na ua wa mabua. Mtoto alikuwa hajacheza tangu alfajiri, naye alishahesabu sababu zote za jambo hilo, na zote zilikuwa mbaya. Kundi likatokea, vijana labda arobaini, wengine anawafahamu tangu wakiwa shule ya msingi. Mbele yao alikuja mtu mwembamba mwenye kioo shingoni na wembe kidoleni. Nyuma kabisa, amekaa juu ya pikipiki, alikuwepo Felisian.

"Akina mama, tupisheni," mwenye kioo alisema kwa upole. "Sisi tuna kazi hapa."

"Na sisi tuna kazi," Bertila akajibu, hakuinua macho kwenye ungo wake.

Kijana mmoja akapaza sauti. "Mama Maria mwenyewe alikataa kuingia humu! Aliyembeba si yule pale?"

Kidole kilimfikia Evodia kabla ya macho. Aliinuka kwa kushika ua, na mabua yakalia.

"Hakukataa," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia. "Hakukataa yeye. Niliyekataa ni mimi. Niliogopa nikadanganya, na mmekuja hapa kwa uongo wangu."

Minong'ono ikapita. Mwenye kioo akacheka. Alikuwa mtu wa kazi yake, alijua kusoma watu.

"Huogopi tena, siyo?" akamwuliza. "Mbona basi umekaa huko, mbali na mlango wake?"

Mwenye kioo alisema kweli. Evodia alimtazama mumewe. Felisian alitikisa kichwa polepole, usithubutu. Evodia akavuka ua, akapita kati ya nyungo, mguu mmoja baada ya mwingine. Bibi Kashinje alikuwa amesimama nyuma ya mlango, na alipomwona anaingia akaficha mikono.

"Bibi, nipe mkono."

"Mjukuu wangu, hapana. Likikupata jambo wataniua."

"Nipe, bibi."

Akamshika kifundo cha mkono, akamtoa hadi kizingitini mbele ya watu wote, na kile kiganja alichokiota mwaka mzima akakiweka juu ya tumbo lake, akakibana kwa viganja vyake viwili. Kilikuwa kikavu na chepesi.

"Mtoto wangu akipatwa na lolote," aliwaambia, "njooni kwangu. Mkono huu nimeuweka mwenyewe."

Ngoma ilinyamaza. Hakuna aliyejua la kufanya, hata mwenye kioo. Kisha lango la jirani likalia, na Rhoda akatoka kwake na ungo mkononi. Alipita katikati ya vijana, nao wakampisha, kwa kuwa walikuja kwa jina la mwanawe. Hakumtazama bibi wala Evodia. Alitandika khanga chini karibu na Bertila, akajichotea maharage, akaanza kuchambua.

Mtu wa kwanza kuondoka aliondoka kama anayekumbuka shughuli. Wakafuata wawili, wakafuata wengi, mwenye kioo akiwemo. Felisian hakuondoka. Alizima pikipiki, akabaki amesimama kando yake, ameshika kofia ya kuendeshea kwa mikono miwili.

"Wameenda," bibi alinong'ona. "Niutoe sasa?"

"Bado, bibi," Evodia akasema. Macho alikuwa ameyafumba. "Hajacheza bado."

Wakasimama hivyo mlangoni, wote wawili wanaogopa, wakisubiri.