Salamu za Bibi kwa Mama Mkwe wa Istanbul

Usiku wa jana niliota nasafiri kwenda Kanada kupima unyevu wa theluji. Sijui nani alinipa kazi hiyo. Kidato cha nne nilipata D ya Jiografia, na ndotoni hilo lilionekana linatosha kabisa.

Ndege ikatua Istanbul. Rubani akatangaza, "Abiria wa Kanada, hapa mtasubiri. Wenye akili wakatembee mjini, wengine wakalale kwenye viti vya chuma."

Nikashuka mbio. Mimi sikuwa natembea tu. Nilikuwa na kazi ya mtu.

Hapa lazima nieleze jambo la kweli, lililotokea kabla sijalala. Bibi yangu, Bi Chausiku, tunaishi naye hapa Muheza, na anafuatilia tamthilia ya Kituruki inaitwa Lango la Nesrin, ile iliyotiwa sauti za Kiswahili. Jana jioni mama mkwe mmoja humo, Bi Gulteni, mwanamke mwenye nyusi zinazoweza kusimamisha lori, alimfungia mkwewe Nesrin nje ya lango. Mvua inanyesha. Kisa, chai haikukolea.

Bibi akavisukuma vidonge vyake vya presha pembeni ya meza. "Sinywi mpaka mtoto wa watu aingie ndani."

Mama akabembeleza. Mama akatishia kumwita daktari.

"Mwite," Bibi akasema. "Na yeye aje aone roho ya yule mwanamke."

Tulicheka, lakini si sana. Mwaka jana aliacha dawa kwa sababu ya msiba wa tamthilia nyingine, tukampeleka hospitali hatuna uhakika kama tutarudi naye. Nilipoaga kwenda kulala akanishika mkono. Bibi huniita mume wake, kama bibi wote. "Mume wangu, maneno unayo, vitendo huna. Ungekuwa mwanamume ungekwenda kumfikishia Gulteni salamu zangu."

Sasa niko Istanbul, na salamu za Bibi nimezifunga kwenye kanga yake ya kijani, begani. Nzito kama kiroba cha mahindi.

Mlangoni pa uwanja kuna afisa mwenye masharubu na mzani.

"Umebeba nini?"

"Salamu."

Akaziweka kwenye mzani. Mzani ukaguna. "Hizi za mtu mzima," mzani ukasema. "Hazipandi ndege tena. Zifikishwe hapa hapa, la sivyo na huyu aliyezibeba haondoki."

"Umesikia," afisa akasema. Akainama chini ya meza, akatoa kuku wa madoadoa, mnono, akanikabidhi. "Na huu ndio muda wako. Usiupoteze."

"Anaitwa nani?"

"Muda. Ulitaka aitwe Shangazi?"

Bila hata kuniomba, akachana kipande cha pindo la kanga ya Bibi, akamfunga kuku mguuni ili ajulikane ni wangu. Nikasema moyoni, hapo umeniharibia, ndugu yangu.

Natoka nje. Sihitaji kupanda kitu, mji unakuja wenyewe. Msikiti mmoja mkubwa unasimama mbele yangu, unajipanga minara, unaniita.

"Kijana, picha moja tu. Upande huu ndio mzuri."

Naupiga picha. Nainama kumwangalia kuku, nakuta amepungua, amekuwa tetea mdogo.

"Umefurahi?" Muda akaniuliza. "Ulikuwa na kuku wa pilau, sasa una kuku wa mchuzi."

"Nataka kuona kila kitu. Lini nitakuja tena?"

"Wote mnasema hivyo, halafu mnarudi uwanjani na picha mia za vidole vyenu. Wewe umekuja kufanya nini hapa?"

"Kumfikishia Bi Gulteni salamu."

"Basi twende kwa Gulteni. Mengine utayaona njiani, mradi usisimame."

Nikakaza mkanda. Vikombe vya chai vikaniita kutoka vibarazani, vile vidogo vyenye kiuno, vinasema kaa kidogo, kaa kidogo. Nikavijibu natembea, "Asanteni, nimekunywa kwetu." Paka wakanifuata wakitaka kumjua kuku ni wa nani. Nikawaonyesha pindo la kanga. Wakarudi nyuma kwa heshima.

Tunafika kwenye daraja refu. Bango linasema: Huku Ulaya, kule Asia. Navuka. Naweka mguu Asia, na Asia ni darasa letu la kidato cha tatu, lenye dirisha bovu, na Mwalimu Kidunda wa Jiografia yuko ubaoni.

"Umechelewa," akasema.

"Mwalimu, napita tu. Naunganisha ndege."

"Unaunganisha ndege na nchi huijui? Nionyeshe Uturuki."

Ubaoni kuna ramani ya dunia, na nchi zote zimeandikwa Uturuki. Nikatoa jasho. Muda akanyoosha shingo, akadonoa mahali pamoja. Pale alipodonoa pakavuja mvua.

"Sahihi," Mwalimu akasema, kwa uchungu. "Lakini amejibu kuku. Wewe simama pale pembeni mpaka kengele."

Natazama mkononi. Muda sasa ni kifaranga. Analia pii, pii, na sauti yake ya maneno imekuwa nyembamba. "Ukisubiri kengele hii, mimi narudi kuwa yai."

Nikamtia kwenye mfuko wa shati. "Mwalimu, nisamehe. Bibi yangu hajanywa dawa." Nikaruka dirishani.

Nikaangukia mbele ya lango.

Nesrin ameketi kwenye jiwe, mvua inamnyeshea yeye peke yake. Kila mahali kwingine jua. Anaponiona anafungua kinywa, midomo inasema, inamaliza, inafunga, ndipo sauti inafuata.

"Bi Chausiku amekunywa dawa?"

"Hajanywa. Anakusubiri wewe uingie."

"Na mimi namsubiri yule," akaonyesha lango kwa kidevu.

Nikabisha hodi. Nikabisha tena. Sikuondoka. Nikabisha mpaka nyusi zikatokea juu ya ukuta, na Bi Gulteni chini yake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Sinunui kuku."

"Siuzi. Nimeleta salamu kutoka kwa Bi Chausiku wa Muheza."

"Simfahamu."

"Yeye anakufahamu mpaka unapoficha ufunguo."

Akashtuka kidogo. "Haya, zitue hapo."

Nikafungua kanga. Salamu zikatoka moja moja kwa sauti ya Bibi, zikajipanga foleni mbele ya ukuta. Hujambo? Watoto hawajambo? Nyumbani salama? Mgongo unaendeleaje? Mvua mmepata? Bi Gulteni akawa anajibu, sauti yake nayo ikichelewa, sijambo, hawajambo, salama, unauma kidogo, tumepata ya mtu mmoja. Akajibu zote mpaka kanga ikalala bapa chini.

"Tumemaliza," akasema. "Nenda salama."

Mfukoni kifaranga anakuwa wa duara, anaanza kujikunja kiyai. Na mimi nimesimama, salamu zimefika, na mtoto wa watu bado ameloa. Hapo ndipo nikaliona kosa lake.

"Hatujamaliza. Bi Gulteni, Bibi yangu alikuwa na wajukuu wakati wewe unacheza rede na kaptula."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtu mzima amekusalimia, na wewe umemjibu sijambo kama rika lako. Hukumwamkia."

Madirisha ya mtaa mzima yakafunguka. Paka mmoja akasema, "Haa!" Mwanamke mmoja kwa mbali akauliza, "Gulteni? Yule anayefundisha wenzake adabu?"

Nyusi zikapanda, zikakosa pa kwenda, zikashuka. Midomo ikatikisika. Tukasubiri sauti. Ikaja taratibu sana.

"Mwambie... shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," kanga ikajibu kutoka chini.

"Haya basi," nikasema. "Umemwamkia, amekuita mwanawe, mbele ya mashahidi. Na mama yako anasema mfungulie mtoto wa watu."

"Chai yake ilikuwa maji ya moto tu!"

"Na ile uliyompikia mama mkwe wako mara ya kwanza?" kanga ikauliza, kwa upole kabisa.

Bi Gulteni akainama, akainua chungu cha maua, akatoa ufunguo kule kule Bibi anakosema kila siku. Lango likafunguka kwa kelele ya kutopakwa mafuta.

Kabla hajaingia mtu, Muda akachomoka mfukoni kwangu, akapita kati ya miguu ya Bi Gulteni, akaingia ndani.

"Muda wangu!" nikapiga kelele.

"Nakukamatia!" Nesrin akasema, akakimbia kumfuata. Akavuka kizingiti. Mvua ikabaki nje peke yake, ikatazama huku na huku, ikakatika.

Juu yetu ndege ya Kanada inapita, chini chini. Rubani akatoa kichwa dirishani.

"Tumekuita mpaka tumechoka! Muda wako uko wapi?"

"Umekwenda!"

"Umeutumia au umeupoteza?"

Nikalitazama lile lango. "Nimeutumia!"

"Haya, hiyo sawa," akasema, akafunga dirisha.

Nikaamka. Kumekucha zamani. Sebuleni televisheni inaongea, maana Jumamosi sehemu mpya huonyeshwa asubuhi. Nikatoka na shuka mabegani. Bibi yuko kwenye kiti chake, vidonge viko pale pale pembeni ya meza. Mama amesimama nyuma yake na kikombe cha maji, amechoka kubembeleza.

Kwenye skrini lango liko wazi. Nesrin yuko ndani, nywele zimeloa, viganja amevikunja kama aliyeshika kitu.

"Huyo kifaranga katokea wapi tena?" Mama akauliza. "Jana hakuwepo."

Bibi akasogea mbele. Nikasogea na mimi. Kifaranga wa madoadoa, na mguuni amefungwa kitambaa cha kijani.

Bibi akavua kanga begani, akaigeuza pindo kwa pindo, polepole, mpaka akafika mahali palipochanika. Akapitisha kidole hapo. Kisha akageuka akanitazama.

"Mume wangu."

"Naam, Bibi."

"Hii nilinunuliwa ya Idi."

"Najua, Bibi. Ni yule afisa."

Akachukua vidonge, akavitia kinywani, akapokea kikombe kwa Mama, akanywa maji yote.

"Safari nyingine," akasema, "chukua ile kuukuu."