Msemaji wa Riksho

Ralambo alivuta riksho katika vilima vya mji wa Antsirabe miaka mitatu, na muda wote huo, njiani na kwa sauti, alikuwa akijifunza kazi aliyoitamani kuliko wali: kuwa msemaji wa harusi, mtu anayeusemea ukoo siku ya posa. Kilima cha stesheni alikitengea maneno ya kuomba radhi, maana msemaji asiyeomba radhi kwanza hasikilizwi na mtu. Mteremko wa sokoni aliutengea utani. Akikosea neno, alijiadhibu kwa kukipanda kilima upya, abiria akiwa bado juu ya riksho.

"We baba, nilisema posta!"

"Tutafika, mama. Nimewaruka mababu katika hotuba, hawatanisamehe."

Siku ya kumposea mpwa wake Tojo ikafika, na ukoo ukampa Ralambo nafasi. Upande wa binti, Haingo, ulisemewa na Mwalimu Ratsimba, mzee mkavu aliyekwisha kuwarudisha makwao wachumba wawili kwa sababu wasemaji wao walibabaika. Ralambo naye akibabaika, Tojo angekosa mke, na yeye angebaki mvuta riksho mwenye mdomo tu.

Akasimama juu ya mkeka uani kwa kina Haingo, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Tunasubiri," akasema Mwalimu. "Au mmetuletea bubu?"

Watu wakaangua kicheko. Tojo akainamisha kichwa. Ralambo alitokwa jasho la aibu. Maneno yote alikuwa nayo, mbona yanagoma? Mara miguu yake ikaanza kuchezacheza yenyewe, naye akaelewa. Hata siku moja hakuwahi kuhutubia akiwa amesimama mahali pamoja!

"Mwalimu, naomba upande riksho yangu, ile pale getini. Maneno hayatoki bila mzigo."

"Mimi ni mzigo?"

"Wa heshima, mzee wangu."

"Panda, Ratsimba!" bibi yake Haingo akafoka. "Wali unapoa!"

Mwalimu akapanda, kofia yake ya ukili kaishika kwa mikono miwili. Ralambo akaanza kuzunguka ua, na maneno yakamwagika. Akawaomba radhi wazee, mababu, kuku waliokuwa wakimkimbia, na kiuno cha Mwalimu.

"Tojo wetu si tajiri," akasema akikata kona, "lakini hajawahi kumrudisha mtu kwao. Kazi hiyo ina mwenyewe, nimembeba hapa!"

Bibi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mzunguko wa tatu, Ralambo akamwomba Haingo rasmi, bila kuruka neno hata moja.

"Simama!" Mwalimu akapiga kelele, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Simama nikujibu, mwendawazimu we! Binti mmempata!"

Vigelegele vikapasua ua. Lakini Mwalimu hakushuka. Alimwinamia Ralambo, sauti imelegea.

"Miaka arobaini nawasemea watu. Mwezi ujao namwoza binti yangu wa mwisho, na najijua, nitalia. Utanisemea wewe?"

Ralambo akaikamata mikono ya riksho, akachomoka nayo getini akipaza, "Nitakusemea!", akateremka barabara mbio na mzee wa watu juu, wote wawili wakipiga mayowe, na wali ukazidi kupoa.