Ng'ombe wa Bulugu Kwenye Katuni

Haya nilisimuliwa na Christina mwaka jana, msimu wa maharage, alipokuja kwetu Nyakisasa kumwona dada yake na mvua ikamkalisha kuliko alivyopanga. Tulikuwa barazani tunachambua maharage. Christina ni mama yake Yuster, na Yuster ndiye mwenye kisa.

Yuster anatengeneza katuni za watoto wadogo, wale ambao hawajaanza darasa la kwanza. Anafanyia kazi Biharamulo mjini, chumba cha nyuma cha duka la baba wa Khalidi, mwenzake wa kazi. Yeye huchora juu ya kioo cha ile simu pana wanayoiita tableti, na Khalidi hushughulika na sauti. Katuni zake ni za polepole. Hakuna anayeanguka watu wakacheka, hakuna anayepigwa. Mtoto akimaliza kutazama anatakiwa abaki ametulia kama aliyeshiba uji. Wako wanaomwambia kazi yake imepoa mno, naye huwajibu kwamba huko kupoa ndiko anakokutafuta.

Safari hiyo alikuwa ameagizwa katuni ya kufundisha kuhesabu, moja mpaka kumi, ya kuonyeshwa kwenye madarasa ya awali. Hakwenda mbali kutafuta cha kuhesabu. Baba yake mkubwa, mzee Bulugu, ni mfugaji. Wao ni Wasukuma, walihamia huku kutoka Shinyanga wakiswaga ng'ombe kwa miguu. Yuster akaenda kukaa kwake, akawa anawafuata ng'ombe malishoni, anamchora huyu, anamchora yule. Sasa Msukuma hachori ng'ombe tu, huchora ng'ombe fulani. Alimchora Kahama, yule mwekundu aliyenunuliwa mnadani Kahama, anavyotupa mguu wa nyuma pembeni. Alimchora Mashaka, mweusi mwenye baka jeupe ubavuni, ambaye husimama njiani kana kwamba amesahau kitu. Na wengine vivyo hivyo, kila mmoja na mwendo wake.

Sauti ilikuwa ya Nshoma, mjukuu wa Bulugu, binti wa miaka saba aliyeng'oka meno ya mbele. Walimrekodi ndani ya ghala, katikati ya magunia ya mahindi, maana magunia humeza mwangwi. Akahesabu ng'ombe wakiingia zizini, pengo likipuliza upepo kila alipofika sita na saba. Khalidi alivua vile vya kusikilizia vya masikioni akasema tangu aanze kazi hiyo hajapata sauti kama ile.

Katuni ilipokamilika, Yuster hakuipeleka kwanza kwa walioagiza. Aliona adabu ni kuanza na mwenye ng'ombe. Akamsalimu baba yake mkubwa, akaitikiwa marahaba, akamwekea tableti juu ya kigoda. Mzee akainama. Mara akacheka.

"Huyu si Kahama huyu?"

"Ndiye, baba mkubwa."

"Tazama anavyotupa mguu! Na yule mvivu Mashaka."

Basi Yuster moyo ukamjaa. Kumbe furaha ile ilikuwa na mwisho wake pale kwenye lango la zizi. Ng'ombe walipoanza kuingia na sauti ya Nshoma ikaanza, mmoja, wawili, watatu, mzee alinyoosha mkono. Hakungoja wa nne. Aliigeuza tableti kifudifudi, akaibana kwa kiganja.

"Umewahesabu," alisema. "Tena kwa mdomo wa mjukuu wangu."

Yuster akasema ni michoro tu, baba mkubwa, si ng'ombe wenyewe.

"Nimekuuliza huyu ni Kahama, ukaniambia ndiye. Sasa si Kahama tena?"

Na mwiko Yuster aliujua. Ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo, na watoto vilevile. Ukihesabu unakiita kifo kije kukamilisha hesabu. Yuster alipokuwa mdogo, Christina aliwahi kumziba mdomo kwa mkono pale zizini alipofika watatu. Hakuwa amesahau. Aliona tu kwamba katuni ni jambo jingine. Angewachora vibaya asingepata matata. Kosa lake lilikuja kwa kuwachora vizuri.

Bulugu akakataza ng'ombe wake wasionyeshwe, na akakataza sauti ya mtoto isitumike. Hakupaza sauti wala hakumfukuza. Alimpa maziwa, akamsindikiza hadi barabarani. Hilo ndilo lililomuumiza Yuster, maana mtu akigombana nawe unajua pa kuanzia.

Mjini, Khalidi alitaka kusaidia. Akabadilisha rangi za ng'ombe wote, lakini Kahama hata akiwa wa kijivu alitupa mguu wake uleule. Akamleta Mwanaharusi, mtoto wa dada yake, ahesabu badala ya Nshoma. Binti anasema vizuri, ila alimwita ng'ombe kama anayemwita mteja dukani. Mwishoni Khalidi akashauri wahesabu miguu, kisha watoto wenyewe wagawanye kwa nne. Yuster alicheka mpaka akalia, halafu akaendelea kulia. Aliona haya kwa baba yake mkubwa, na kuitupa kazi ile hakuweza.

Akaomba aongezewe muda, akarudi kwa Bulugu kuomba radhi, bila tableti mkononi. Mzee alipokea radhi akasema yameisha, ila katazo liko palepale. Jioni ng'ombe wakarudi. Mzee alisimama langoni akiwataja kwa majina kila mmoja akipita, kwa sauti ya chini, kama anayesalimia waumini mlangoni. Alipofika mwisho akasema Mashaka yuko nyuma, na kweli, baada ya kitambo Mashaka akaja akijikokota.

Yuster akashika kazi ya kufunga lango, kazi aliyoifanya utotoni. Lango la zizi la Bulugu hufungwa kwa magogo membamba yanayolazwa moja juu ya jingine, na yeye akawa anayasukuma huku anahesabu, moja, mbili, tatu, midomo ikienda yenyewe. Alipofika la nne akashtuka, akamtazama mzee. Mzee alikuwa anakuna kidevu.

"Baba mkubwa, magogo je? Hayana mwiko?"

"Gogo halizai wala halifi. Hesabu mpaka uchoke."

Yuster alibaki ameshika gogo. Kisha akamwuliza mzee, kama mtoto wa kwenye katuni atawataja ng'ombe kwa majina, kama yeye afanyavyo, halafu ahesabu magogo anapofunga, itakuwaje? Bulugu akasema kuwataja ng'ombe ni heshima. Na atakayetajwa kwanza awe Kahama, maana ndiye mkubwa.

Khalidi alipopata habari alilalamika kwamba lango lina magogo saba na waliagizwa kumi. Alipokuja kurekodi akamweleza mzee jambo hilo. Bulugu akamwambia, "Wewe Mswahili, matatu yaliyobaki kakate mwenyewe, uyabebe kichwani." Yuster naye hakukubali kuchora lango ambalo mtoto halifikii juu. Aliwaandikia walioagiza kwamba hii itaishia saba. Wakakubali kwa shingo upande.

Nshoma akaingia tena ghalani, safari hii kwa ruhusa ya babu yake. Meno mapya yalikuwa yameshaota, sita yake ikatoka imenyooka kama ya mwalimu. Alifanya vizuri, lakini Yuster alijua haikuwa kama ile.

Yuster alipomwonyesha mzee katuni mpya, ilikuwa baada ya chakula, Khalidi amesharudi mjini. Bulugu aliitazama mpaka mwisho. Kisha akauliza ile ya kwanza iko wapi.

"Ninayo, baba mkubwa. Siionyeshi kwa mtu. Nimeitunza kwa ajili ya sauti."

"Basi humo ndani ng'ombe wangu bado wanahesabiwa."

Yuster alikaa na tableti mapajani. Pengo la Nshoma halitarudi, na sauti ile haiko kwingine popote isipokuwa humo na kwa Khalidi. Akampigia Khalidi simu akamwambia aifute. Khalidi akauliza, ile yenyewe? Akamjibu ile yenyewe. Kisha Khalidi akasema haya, ameifuta. Ndipo Yuster akasogea karibu na mzee, akaifuta ya kwake mbele ya macho yake, akamwonyesha kwamba haipo.

"Ahsante, mwanangu," Bulugu alisema. "Sasa nionyeshe tena hii mpya. Hapo kwa Kahama."

Nshoma alikuwa ameshalala ubavuni mwa babu yake. Ng'ombe wakatajwa, magogo yakaanza kulazwa, na kabla lango halijafungwa mzee naye alikuwa anakoroma ameketi. Yuster akaizima tableti, akamwegemeza mzee kwenye mto, akambeba Nshoma hadi kitandani. Akajilaza kando yake akiwaza katuni ijayo, nane, tisa na kumi, na kitu gani watu wa huku huhesabu bila woga. Aliwaza vibuyu, akawaza mafiga, akaona mafiga ni machache. Usingizi ukamchukua.