Ufa wa Boriti ya Kanisa

Kwaya ikiwa katikati ya wimbo, Apolline aliinua macho akaona boriti kubwa ya kanisa imepasuka. Ufa uliambaa na urefu wa mbao, kutoka ukutani hadi juu ya mimbari. Baada ya ibada alimwonyesha mumewe Libère, seremala aliyelijenga paa hilo walipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutoka Fizi huko Kongo. Libère akasema ataweka nguzo chini yake.

"Nguzo itasimama fasi gani?" Apolline akauliza. "Mbele ya mchungaji?"

Libère akaacha wazo la nguzo. Alipanda ngazi, akapigilia misumari mirefu kutoka chini kwenda juu. Boriti ikalia, na ufa ukaongezeka. Wakaitegemeza haraka kwa miti ya mikaratusi, kanisa likafungwa.

Kilichomsumbua Libère sasa ni swali: kwa nini msumari umezidisha kile ulichotumwa kuziba? Alikwenda nalo mjini Mbarara, Apolline akafuatana naye. Huko walimkuta Mbabazi, fundi wa kutengeneza bodi za mbao za malori. Libère aliinama chini ya lori moja, akakaa huko mpaka Mbabazi akamuuliza amepoteza nini. Alikuwa anatazama fimbo za chuma zilizopenya mbao nene. Zilichongwa mifereji ya kuzunguka toka ncha hadi ncha, kama skrubu zisizo na kichwa, na kila ncha ilikuwa na nati.

"Juu ya nini mbao haipasuki?" Libère akauliza sababu.

"Msumari nasukuma mbao kando," Mbabazi akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Hii, wewe natoboa tundu kwanza. Halafu nati nabana huku na huku." Akaokota kipande cha mbao kilichopasuka, akakibana kati ya viganja. Ufa ukajifunga.

Apolline akataka kujua kwa nini nati yenyewe haizami ndani ya mbao. Mbabazi akamwonyesha kisahani kipana cha chuma kilichokaa chini ya kila nati.

Walinunua fimbo kama hizo, na nati na visahani vyake, wakarudi. Libère aling'oa misumari, akaisukuma boriti juu kidogo kwa ile miti, akaitoboa kutoka juu hadi chini na kupitisha fimbo. Yeye alishika nati za juu. Apolline aliomba akaze za chini, apate kuona. Kila alipozungusha spana alisita, akatazama. Vumbi lilimwangukia usoni, ufa ukiendelea kupungua, mpaka ukabaki mwembamba kama uzi. Alitaka kuendelea.

"Acha," Libère akasema. "Ukizidisha, kisahani kitaingia mu mbao."

Wakaondoa miti mmoja mmoja. Boriti ililia kidogo, kisha ikatulia.

Kipande cha fimbo kilichobaki Apolline alikibeba nyumbani. Alikaa mlangoni akiitembeza nati kutoka ncha hadi ncha, akamuuliza mumewe ni nani aliyewaza kwanza kuchonga chuma namna ile. Libère akasema hajui, na miaka yote ya useremala hakuwahi kujiuliza. Akavuta kigoda, akaomba naye aishike ile fimbo.