Sahani ya Malachie

Ngoy hakutaka baiskeli, wala suti, wala redio. Siku ya kumaliza kilio cha bwana wangu Malachie, ndugu zake waligawana vitu hivyo mbele ya macho yangu. Ngoy, mdogo wake, alivuta kiti mezani akasema:

"Mama Léa, minyi niko na njaa. Niletee bukari mu sahani ya mukubwa."

Kwa jamaa yao, mjane akimlisha mdogo wa marehemu katika sahani ya marehemu, ndiyo amekubali kuwa mke wake. Watu wote wakaniangalia mikono.

Ilikuwa sahani ya bati, imebanduka rangi pembeni. Hapo pembeni Malachie alikuwa ananiachia kichwa cha samaki kila jioni akitoka kazini stesheni. "Hiki ni cha mwenye nyumba," alisema, akinisukumia sahani.

Vita ilipokaribia mji wa Kabongo, mama yao alikuwa huko. Ngoy ndiye aliyepaswa kwenda kumchukua. Akasema mguu unamuuma. Malachie akaenda, askari wakampiga risasi njiani. Mama alifika kwa miguu, peke yake. Mguu wa Ngoy ulipona juma lile lile.

Séphora, dada yao, akanisukuma kwa kiwiko.

"Harakisha, Mama Léa. Unangoja nini? Damu iko moja."

"Damu iko moja," nikasema, "lakini miguu iko mbalimbali."

Mtu akacheka mlangoni, kisha akajifanya anakohoa.

Hasira ya mguu ule nilikuwa nimeipeleka kanisani majuma sita, nikimwomba Mungu anitolee. Hakuitoa. Siku ile nikaona ameniachia kwa kazi.

Nikapakua bukari katika sahani ya Malachie, nikaweka samaki juu. Ngoy akanawa mikono, meno yote nje. Nikampita. Nikaketi kwenye mkeka, sahani juu ya magoti, nikafumba macho, nikaomba kwa sauti hadi amina. Kisha nikamega tonge.

"Mama Léa!" Séphora akapiga kelele. "Unakula mu sahani ya mufu?"

"Nakula. Mumesema mwenye kulishwa na mjane njo bwana wake. Basi nimejioa mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Mama yao akamgeukia mwanawe.

"Weye Ngoy, simama. Mulango uko pale."

Alisimama, mikono ingali inadondoka maji. Sikumwangalia. Nilikuwa natoa miiba ya samaki.