Filamu Moja kwa Wawili

Mjomba aliiweka kamera mezani, kisha akaisukuma upande wa Chiriku.

Dada mtu aliliona jambo hilo akiwa mlangoni, sinia la vikombe mkononi. Yeye ndiye aliyembebea mjomba begi la filamu enzi za upigapicha wake wa gazetini, na ndiye aliyejua kufuta lenzi bila kuacha alama. Chiriku, mdogo wake, alijua kuongea tu, na jina hilo la ndege alilipatia hapo. Kesho mjomba angehamia kwa mwanawe, na kamera ingebaki.

"Umempa yeye?"

"Aliomba," mjomba akasema. "Wewe umewahi kuomba?"

"Nilidhani inajulikana."

"Kaa tufundishwe wote, dada," Chiriku akasema. "Mbona uso umekunjamana kama nguo iliyotoka kukamuliwa?"

Akakaa. Mjomba akafungua kifuniko cha mbele, akaivuta lenzi mpaka ikakaa sawasawa. Akawaonyesha kibati chembamba kinachoikinga filamu na mwanga, ambacho huchomolewa kabla ya kupiga, na kidude cha kukaza kabla ya kufyatua. Akawachungulisha kwenye kitundu ambamo mtu mmoja huonekana wawili, mpaka uisogeze lenzi wawe mmoja.

"Na kifundo hiki ni cha kuzungushia filamu. Hapa ndipo wengi wanapoangukia pua. Kamera hii haimkumbushi mtu. Usipozungusha, picha ya pili inakaa juu ya ya kwanza."

"Mimi nitazungusha nikishapiga tu, nisije nikasahau," Chiriku akasema.

Dada mtu alikuwa akizungusha kabla ya kupiga, kama alivyomwona mjomba akifanya miaka yote. Hakusema. Alitaka mjomba aone mwenyewe.

Chiriku alianza, akapiga vikombe. Zamu ya dada mtu ilipofika, mjomba alikuwa amesimama dirishani, amevua miwani. Alimtazama moja kwa moja, kwa upole ambao siku zote huwa ameuficha nyuma ya kamera. Dada mtu akazungusha, akafyatua. Alijua ameipata. Akampa Chiriku kamera.

Chiriku akakaza kidude, akainua. Kifundo hakukigusa; kwa hesabu yake, aliyemtangulia ameshazungusha. Dada mtu aliona. Mwache, akajiambia, mjomba aone amempa nani. Ghafla Chiriku akageuka, akampiga picha yeye.

Mchana mjomba akaisafisha filamu bafuni, akaitundika kwenye kamba ya nguo. Ilipokauka akaiinua mbele ya dirisha. Yeye alizisoma sura hizo, weusi ukiwa weupe na weupe weusi, kama wengine wanavyosoma gazeti.

"Hapa tumo wawili. Mimi, na wewe juu yangu."

Dada mtu akachungulia. Jicho la mjomba lilikuwa limezama ndani ya shavu lake yeye. Picha aliyoipata haikuwapo tena. Kilichoonekana vizuri ni uso wake mwenyewe, ukimsubiri mdogo wake aharibu.

"Nani hakuzungusha?"

"Itakuwa mimi," Chiriku akasema. "Nilikuwa napayuka, kama kawaida."

Mjomba akaivuta kamera, akaisogeza mbele ya dada mtu. "Inataka mtu makini."

Akaishika. Ilikuwa nzito kuliko alivyokumbuka.

"Niliona hajazungusha," akasema. "Nikanyamaza ili umwone hafai."

Mjomba akairudisha kamera kwa Chiriku, akavaa miwani, akaenda kufunga sanduku lake.

"Yaani umeiharibu picha yako mwenyewe ili uniumbue," Chiriku akasema.

"Sikukumbuka kwamba yangu imo."

"Na sasa bado inakuuma?"

"Inauma. Nikiiona mkononi mwako, inauma."

Chiriku alihangaika na filamu mpya, ikamshinda kuingia.

"Basi njoo unionyeshe inavyowekwa, halafu umpige mjomba tena kabla hajaondoka. Na ukinipa, useme kama umezungusha."

Dada mtu akaichukua ile filamu, wivu ukiwa bado haujamtoka, akamwita mjomba.